Kabla Amsterdam Haijawa Mji wa Baiskeli

Mwaka 1954 mkuu wa polisi wa Amsterdam, Hendrik Kaasjager, alitoa pendekezo ambalo mtu akilisoma leo hurudia mstari mara ya pili ili ahakikishe. Alitaka baadhi ya mifereji ya jiji ifukiwe, juu yake zipite barabara pana na yapatikane maegesho ya magari. Mifereji hiyo, ambayo mingi ilichimbwa karne ya 17, ndiyo iliyolipa jiji sura yake. Kaasjager hakuwa akifanya mzaha. Magari yalikuwa yakiongezeka, mitaa ni myembamba, na askari wake ndio waliosimama njia panda kutwa nzima wakihangaika na misururu. Wakazi walipiga kelele, na pendekezo likafungiwa kabatini. Lakini wazo lenyewe, kwamba mji wa zamani lazima ukatwe ili gari lipite, liliendelea kuishi katika ofisi za mipango kwa miaka mingi baadaye.

Nimeanza na Kaasjager kwa makusudi. Kila inapotajwa habari ya njia za baiskeli mjini, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, hakosekani wa kusema kwamba hayo ni mambo ya Waholanzi, watu wa nchi tambarare waliozoea baiskeli tangu tumboni mwa mama zao. Nchi yao kweli ni tambarare. Ilikuwa tambarare pia mwaka 1970, na mwaka huo baiskeli ilikuwa ikipotea Amsterdam huku kila mtu akiona. Kilichoirudisha kina tarehe, kina majina ya watu na majina ya mitaa, na kinafaa kusimuliwa polepole.

Baiskeli iliingia Uholanzi kama mchezo wa wenye nazo. Mwaka 1883 wapenzi wa mchezo huo walianzisha chama chao, ANWB, na miaka miwili baadaye, mjini Utrecht, wakatengewa njia yao pembeni mwa barabara ya Maliebaan yenye safu za miti. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ilishuka, na chombo kikabadilisha wenyewe. Makarani, mafundi, wauza maziwa, watumishi wa majumbani, wanafunzi na mapadri, wote wakapanda. Katika Amsterdam ya miaka ya 1920 na 1930, saa za kwenda na kutoka kazini, baiskeli zilijaa barabarani hadi mgeni akasimama ukingoni asijue avuke vipi.

Serikali ilipoona wingi huo iliona kodi. Kuanzia mwaka 1924 kila mwenye baiskeli alilipa guilder 3 kwa mwaka na kupewa kibati cha shaba cha kufunga kwenye fremu. Wazee wetu waliowahi kukimbizana na askari wa manispaa kwa sababu ya leseni ya baiskeli wataielewa hali hiyo bila kuelezwa. Uchumi wa dunia ulipoanguka, wasio na kazi walipewa kibati bure, ila chao kilitobolewa tundu. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, lakini kila aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni ya kivuko aliliona, na kwa hilo akajua kwamba huna kazi na unaishi kwa msaada wa serikali. Nimesoma mengi kuhusu kodi za zamani, na sijui nyingine iliyomvua mtu heshima yake kwa urahisi namna hiyo. Ilifutwa mwaka 1941, na waliofuta walikuwa Wajerumani waliokuwa wameivamia nchi mwaka mmoja kabla.

Wavamizi hao hawakuwa marafiki wa baiskeli. Juni 1942 Wayahudi waliamriwa kuzisalimisha baiskeli zao, na wiki chache baadaye treni za kuwapeleka kambini zikaanza kuondoka. Mtu asiye na baiskeli katika mji kama ule hakimbii mbali. Kisha zikaanza kuchukuliwa za watu wengine kwa ajili ya jeshi. Mpira wa matairi ukaadimika, watu wakafunga vipande vya mpira wa kumwagilia bustani kwenye rimu, wengine wakachonga magurudumu ya mbao. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, njaa ilipoingia mijini, akina mama wa Amsterdam walisafiri siku nzima kwa baiskeli zisizo na matairi, rimu tupu juu ya mawe, kwenda vijijini kubadilisha mashuka na vito kwa viazi.

Baada ya vita ungedhani chombo kilichowavusha watu katika njaa kingepewa heshima. Haikuwa hivyo. Kipato kilipanda, na pamoja nacho hamu ya gari. Mwaka 1950 magari ya watu binafsi nchini Uholanzi hayakufika laki mbili. Kufikia mwaka 1970 yalizidi milioni mbili. ANWB, chama kile kile kilichozaliwa na wapanda baiskeli, kilikuwa kimegeuka chama cha wenye magari, chenye mafundi wa kumsaidia dereva aliyeharibikiwa njiani. Waendesha baiskeli wakabaki bila wa kuwasemea.

Na jiji likaanza kukatwa. Mtaa wa Weesperstraat ulipita katika eneo lililokuwa la Wayahudi. Wakazi wake wengi walikuwa wameuawa kambini, nyumba zao zikabaki tupu, na katika ile baridi ya njaa watu wakang'oa mbao zake kwa ajili ya kuni. Miaka ya 1960 palipanuliwa, pakawa njia ya magari ya kuingia mjini. Mwaka 1967 Mmarekani mmoja, David Jokinen, alileta mpango mkubwa zaidi: mfereji wa Singelgracht ukaushwe, ipite barabara kuu ya njia sita, na sehemu ya De Pijp, mtaa wa wafanyakazi, ibomolewe. Mpango huo haukuwa ndoto ya mtu mmoja tu. Uligharimiwa na watetezi wa barabara za magari, na wapo waliouona kuwa ndiyo maendeleo.

Sauti ya kwanza ya kupinga ilitoka kwa vijana ambao wakubwa waliwaona wahuni. Waliitwa Provo. Julai 1965 mmoja wao, Luud Schimmelpennink, alitoa mpango wa baiskeli nyeupe: jiji linunue baiskeli, zipakwe rangi nyeupe, ziachwe mitaani bila kufuli, anayehitaji apande na akifika aiache kwa mwenzake. Wakapaka chache rangi hadharani na kuziacha. Polisi wakazikamata, kwa hoja kwamba sheria ya jiji ilikataza kuacha baiskeli bila kuifunga. Mpango haukukubaliwa, ingawa Provo walipata kiti kimoja katika baraza la jiji mwaka 1966 na Schimmelpennink mwenyewe akaja kukikalia. Baiskeli za kukodi zilizoenea leo katika miji mingi, Paris ikiwemo tangu mwaka 2007, zina asili yake katika ndoo ile ya rangi nyeupe.

Hata hivyo sidhani kama Provo ndio waliorudisha baiskeli. Vijana wenye mawazo mazuri hawakosekani mahali popote. Jambo lililoitikisa nchi lilikuwa vifo.

Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,200 nchini Uholanzi, nchi iliyokuwa na watu milioni 13 hivi. Zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Watoto walikuwa wakienda shule, wakitumwa dukani, wakicheza mbele ya mlango wa nyumbani. Mmoja wao alikuwa binti wa mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyegongwa na gari akielekea shule kwa baiskeli yake. Septemba 1972 Langenhoff aliandika makala katika gazeti la De Tijd. Aliipa kichwa kisichokwepa kitu: Komesheni Mauaji ya Watoto. Wahariri wetu wengi wangeandika "ajali mbaya" au "kazi ya Mungu", na msomaji angesikitika kidogo na kufungua ukurasa wa michezo. Langenhoff alitumia neno mauaji, kwa sababu aliona kwamba kuna watu waliopanga mwendo wa magari, upana wa barabara na njia ya kwenda shule, na mpango wao ulikuwa ukiua. Akawaita wazazi wenzake wajipange. Wakajipanga, na kichwa cha makala kikawa jina la harakati.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Maartje van Putten, mama kijana wa Amsterdam ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge katika Bunge la Ulaya. Wazazi hao walikwenda kwenye makutano yaliyojulikana kwa ajali wakayafunga kwa miili yao. Walifunga mitaa kwa siku nzima, wakatoa meza na viti nje, wakapakua chakula na kula katikati ya barabara huku watoto wakicheza. Polisi, kama Van Putten alivyosimulia baadaye, waliwasaidia. Walikwenda kwa baiskeli hadi nyumbani kwa waziri mkuu Joop den Uyl, wakamwimbia madai yao, naye akatoka nje akasikiliza.

Watoto wenyewe hawakungoja wakubwa. Mtaa wa De Pijp, ule ule uliokuwa ubomolewe kwa mpango wa Jokinen, ulijengwa karne ya 19: nyumba ndefu zilizobanana, vyumba vidogo, barabara nyembamba, hakuna bustani. Magari yalipoegeshwa pande zote mbili, mtoto alibaki na nafasi ya kusimama tu. Mwaka 1972 wanafunzi wa mtaa huo walizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya saini wakitaka barabara zao zifungwe ili wacheze, na televisheni ikawafuata na kamera. Filamu ile bado ipo na inafaa kutazamwa. Watoto wanaweka kizuizi barabarani. Anakuja dereva, anashuka kwa hasira, anakisukuma kando. Watu wazima wanatoka majumbani, maneno yanapanda, wanakaribia kupigana ngumi. Watoto wamesimama pembeni wanatazama wakubwa wakigombania kipande cha lami kisichozidi mita chache. Mwishowe walipata mtaa wa kuchezea.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na nchi za Kiarabu zikaifungia Uholanzi mafuta kwa kuiunga mkono Israeli. Serikali ya Den Uyl ikatangaza Jumapili bila magari. Ya kwanza ilikuwa tarehe 4 Novemba 1973, na zikaendelea hadi Januari. Watu waliingia barabara kuu kwa baiskeli, kwa farasi, kwa viatu vya magurudumu, familia nzima kutoka babu hadi mjukuu. Huku kwetu wanaokumbuka Tanzania ya miaka hiyo wanajua kwamba uhaba wa mafuta ulileta foleni na shida, na Uholanzi nako ulileta shida. Ila kwa Amsterdam ulileta na kitu kingine: wakazi waliusikia mji wao bila injini. Mtu akishausikia mji wake hivyo, ni vigumu kumwambia kwamba kelele ni lazima.

Mwaka 1975 waendesha baiskeli walipata tena chama cha kuwasemea, ambacho leo kinaitwa Fietsersbond. Kazi yao ilikuwa ya uvumilivu. Waliendesha mtaa kwa mtaa wakaandika kila mahali pa hatari: kona isiyoonekana, shimo, taa isiyotoa muda wa kutosha. Usiku wengine walitoka na rangi wakachora wenyewe njia za baiskeli ambazo jiji lilikataa kuchora. Mwishoni mwa muongo huo maelfu waliandamana kwa baiskeli, na wakati mmoja walilala chini kwa wingi pamoja na baiskeli zao kwenye uwanja wa Museumplein, ili mpita njia aone jinsi miili ya waliogongwa inavyolala.

Uchaguzi wa mwaka 1978 uliingiza baraza lililokuwa tayari kusikia. Michael van der Vlis akakabidhiwa masuala ya uchukuzi, na mpango mpya wa jiji ukaitanguliza miguu, baiskeli na usafiri wa umma mbele ya gari binafsi. Groningen, mji wa kaskazini, ulikuwa umetangulia kwa mwaka mmoja. Huko katikati ya mji paligawanywa vipande vinne, na gari halikuweza kutoka kipande kimoja kuingia kingine moja kwa moja, lazima lizunguke nje, wakati baiskeli inapita. Ni mbinu rahisi kuliko zote ninazozijua. Haikuhitaji barabara ya juu wala mkopo mkubwa, ilihitaji meya na madiwani watakaovumilia hasira za wenye maduka kwa mwaka au miwili.

Amsterdam haikubadilika kwa siku moja. Wenye maduka waliogopa kupoteza wateja, wenye magari walilalamika, na mabadiliko yalikwenda kwa vipande vya mita mia mbili mia tatu. Machi 1992 wakazi waliulizwa kwa kura kama magari yapunguzwe katikati ya jiji, na waliokubali walizidi nusu kidogo tu, asilimia 53 hivi. Yaani miaka ishirini baada ya makala ya Langenhoff, karibu nusu ya wapiga kura walikuwa bado wanakataa. Napenda namba hiyo ikumbukwe na kila diwani anayedhani kwamba lazima kwanza wote wakubaliane.

Na matunda yake ni nini? Kwanza ni uhai. Vifo vya barabarani nchini humo vilipungua hadi 600 hivi kwa mwaka katika muongo uliopita, ilhali watu na magari vimeongezeka sana. Watoto wanaouawa, waliokuwa zaidi ya 400, wameshuka hadi kwenye makumi machache, na miaka mingine chini ya hapo. Sheria nayo inamlinda mdogo: gari likimgonga mtoto wa chini ya miaka 14 aliye kwa miguu au kwa baiskeli, dhamana ya madhara iko kwa mwenye gari, na kosa la mtoto halihesabiwi isipokuwa amefanya kusudi kabisa.

Pili ni raha, na raha isidharauliwe katika historia. Asubuhi njia za lami nyekundu hujaa watu waliovaa nguo zao za kila siku: mwenye suti, mwenye hijabu, mwenye aproni ya mkahawa. Mama anasukuma pedali za baiskeli yenye sanduku mbele, ndani yake wamekaa watoto wawili na mfuko wa mboga. Vijana hupakiana kwenye karia, wa nyuma akikaa upande kama abiria wa baiskeli za Kisumu za miaka ile, mkono mmoja kiunoni mwa mwenzake. Mazungumzo husikika kutoka baiskeli moja hadi nyingine kwa sababu wawili huenda sambamba bila kupaza sauti. Kengele inalia kidogo, anayepitwa anasogea. Wanafunzi wa shule za msingi hufanya mtihani wa barabarani kwa baiskeli, na wanaofika sekondari huenda shule peke yao kilomita nyingi, kundi zima. Wanawake wengi waliohamia kutoka Morocco, Uturuki na kwingineko, ambao utotoni hawakuruhusiwa au hawakubahatika kujifunza, hufundishwa katika vituo vya mtaa. Mwanamke wa miaka 40 anayejifunza kuegemea usukani na kuinua mguu wa pili kutoka ardhini anapata ruhusa ya kwenda popote mjini bila kumwomba mtu nauli wala lifti.

Chini ya jumba la makumbusho la Rijksmuseum, lililofunguliwa mwaka 1885, mbunifu Pierre Cuypers aliacha njia ya kupita, na kwa vizazi vingi watu wamepita hapo kwa baiskeli chini ya matao, michoro ya Rembrandt ikiwa juu ya vichwa vyao. Jumba lilipofungwa mwaka 2003 kwa ukarabati, uongozi wake ulitaka baiskeli zisirudi tena. Wakazi walikataa. Ubishi ukachukua miaka, ramani zikachorwa upya, na Mei 2013 njia ikafunguliwa kwa baiskeli. Jiji lenye kumbukumbu ya De Pijp halikuwa tayari kurudishwa nyuma hata kwa ajili ya sanaa.

Shida zipo, na asiyezitaja hasemi kweli. Upepo wa bahari ndio mlima wa Waholanzi: ukikujia usoni kwenye daraja, unasukuma pedali na huendi. Reli za tramu zina mfereji unaotosha kumeza tairi jembamba, na anayezivuka kwa kufuata mkondo wake huanguka. Mwenyeji huzikata kwa pembe. Wezi ni wengi kiasi kwamba watu hufunga kufuli mbili na kununua baiskeli chakavu makusudi. Kila mwaka mashua yenye mkono wa chuma hutoa baiskeli zipatazo 12,000 hadi 15,000 kutoka kwenye mifereji. Nafasi ya kuegesha ilikuwa haba mpaka Januari 2023 jiji likafungua maegesho ya baiskeli 7,000 hivi chini ya maji mbele ya stesheni kuu. Na vifo havijaisha. Mwaka 2022 waendesha baiskeli 291 walikufa nchini, idadi kubwa kuliko miaka mingi iliyotangulia, wengi wao wazee, na baiskeli za umeme zinazokwenda kasi zimeongeza hatari. Desemba 2023 Amsterdam ilishusha mwendo hadi kilomita 30 kwa saa katika barabara zake nyingi. Kazi ile ya 1972 bado inafanywa.

Huku kwetu hadithi hii ilishafika zamani, na kwa njia ya moja kwa moja. Katika miaka ya 1990 Uholanzi iligharimia mradi wa majaribio wa usafiri wa miguu na baiskeli katika Morogoro, Temeke, Nairobi na Eldoret. Walijenga vivuko vilivyoinuliwa, njia za pembeni, madaraja madogo. Mwaka 2001 Marius de Langen wa Uholanzi na Rustica Tembele wa Tanzania walitoa kitabu cha mwongozo kwa wahandisi wa miji ya Afrika, kilichotokana na majaribio hayo, kwa jua letu, mvua zetu na bajeti zetu. Kwa hiyo ujuzi haukukosekana. Nairobi ilipitisha sera mwaka 2015 iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wasio na injini. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa na njia ya baiskeli pembeni. Pita hapo jioni uone: bodaboda zinaitumia kukwepa foleni, gari limeegeshwa juu yake, na mwenye baiskeli amerudi kwenye lami kuu katikati ya malori.

Bujumbura walikwenda upande mwingine kabisa. Machi 2022 serikali ya Burundi ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji, ikitaja ajali. Maelfu ya vijana waliokuwa wakiishi kwa kubeba abiria kwenye karia wakasukumwa pembeni. Ajali zilikuwepo kweli. Lakini hoja ile, kwamba barabara ikiwa na hatari aondolewe yule dhaifu, ndiyo iliyotawala Uholanzi hadi wazazi walipoikataa, na naamini ni makosa Bujumbura kama ilivyokuwa makosa Amsterdam. Baiskeli za abiria za Busia, zilizowavusha watu mpakani kati ya Kenya na Uganda tangu miaka ya 1960 na kulipa jina boda boda uhai, zililisha familia nyingi kabla pikipiki hazijaja. Hazikuwa adui wa mji wowote.

Ombi langu kwa msomaji ni hili. Barabara ya mtaani kwenu itakapotangazwa kupanuliwa, nenda kwenye mkutano, uulize watoto watapita wapi kwenda shule. Uliza njia yao itakuwa na upana wa mita ngapi, na nani atazuia magari yasiegeshwe juu yake. Peleka orodha ya waliogongwa hapo, majina na tarehe, na usikubali waitwe bahati mbaya. Na majibu yote yaandikwe katika muhtasari wa mkutano.